Pikipiki haikati upepo: kwa nini IST inaiacha bodaboda njia ya Moshi–Arusha

Vijiwe vya bodaboda vya Mbuyuni Moshi na vya Kilombero Arusha vina ubishi mmoja usioisha. Mmoja anasema pikipiki ni nyembamba na nyepesi, inakata upepo, kwa hiyo gari dogo halina ubavu wa kuifukuza. Mwingine anasema gari lina cc nyingi, mjadala umefungwa. Wa kwanza ameona pikipiki ikichomoka kwenye mataa ya Sanawari na kuiacha Toyota IST imeduwaa. Wa pili ameona IST ya aina hiyo hiyo ikiipita pikipiki karibu na njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA na kupotea. Wote wameona kweli, ila wanabishania vitu viwili tofauti kwa jina moja la "mbio".

Kitu cha kwanza ni kuchomoka, yaani jinsi chombo kinavyoongeza mwendo kutoka kusimama. Hapa adui ni uzito. Kitu cha pili ni kasi ya juu, yaani mwendo ambao chombo hakiupiti hata ukivuta mafuta hadi mwisho. Hapa adui ni hewa. Uzito unakusumbua zaidi mwanzoni na kwenye mlima. Hewa inakungoja mbele, na kadiri unavyoikimbilia ndivyo inavyokaza.

Tuchukue vyombo viwili ambavyo kila mtu wa huku anavijua: pikipiki ya cc 125 ya kazi, Boxer au TVS, yenye nguvu za farasi 10 hadi 11, ambayo pamoja na dereva ina kilo 190 hivi, na Toyota IST ya cc 1300, farasi 87, uzito wa tani moja hivi kabla ya watu kupanda.

Wembamba ni nusu tu ya hesabu

Shika ungo siku ya upepo. Ukiuelekeza uso wake upepo unakotoka, unakusukuma kinyumenyume. Ukiugeuza ubavu, huhisi kitu. Hilo ndilo eneo la mbele: ukubwa wa kivuli ambacho chombo kingetoa kama taa ingekimulika kutoka mbele. IST ina upana wa mita 1.69 na kimo cha mita 1.53, na ukitoa kona zilizopinda na nafasi ya chini unabaki na mita za mraba 2.2 hivi. Pikipiki na dereva wake wanapata kama 0.75. Mpaka hapo mwenye pikipiki ameshinda mara tatu, na wengi huishia hapo.

Lakini hewa haisukumwi na mbele peke yake. Ikishapasuliwa lazima ifunge tena nyuma ya chombo. Ikifunga taratibu, chombo kinateleza. Ikishindwa kufunga, inaacha nyuma shimo la hewa hafifu linalokivuta chombo kwa nyuma, na mara nyingi shimo hilo ndilo linalokula nguvu kuliko kipigo cha mbele. Wataalamu hupima jambo hili kwa namba moja, tuiite namba ya umbo. Bapa lililokabili upepo lina 1.1 au 1.2. Tufe laini ni kama 0.5. Umbo la tone, butu mbele na refu lililochongoka nyuma, hushuka chini ya 0.1. Magari madogo ya kisasa yapo kati ya 0.30 na 0.35. Malori na mabasi huanzia 0.6 na kupanda.

Pikipiki ya kawaida yenye dereva aliyekaa wima? Ni 0.7 hadi 0.9. Ipo daraja moja na lori la Fuso.

Ukiitazama kwa karibu utaona sababu. Hewa inaigonga taa ya mbele, inakatwa na vioo viwili vya pembeni, inazunguka mikono, inaingia kati ya tanki na magoti, inapigana na mapezi ya injini, spoki na shokapu, kisha inafika mgongoni kwa dereva na kukuta hakuna kinachoiongoza kufunga. Jaketi lililo wazi linapepea kama bendera. Hata wale wanaovaa jaketi kinyume, zipu mgongoni, ili baridi ya alfajiri isiingie kifuani, wanapata faida ndogo ya ziada bila kukusudia, maana kifua kinakuwa laini. Gari lenyewe lina ngozi moja kutoka bampa hadi mlango wa nyuma.

Sasa zidisha eneo kwa namba ya umbo. IST: 2.2 mara 0.32 ni 0.70. Pikipiki: 0.75 mara 0.8 ni 0.60. Chombo cha watu watano na chombo cha mtu mmoja vinaisukuma hewa karibu sawa. Kwa umbo lake, pikipiki inaukumbatia upepo, na ule wembamba wote unaishia kuiokolea sehemu moja ya saba tu.

Farasi wanakwenda wapi

Msukumo wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo: ukienda mara mbili, unasukumwa mara nne. Nguvu ya injini inayotakiwa inakua haraka zaidi, mara nane, kwa sababu unausukuma upepo mzito zaidi na unausukuma kwa haraka zaidi.

Kwa hewa ya Arusha, pikipiki yetu ikiwa kwenye kilomita 80 kwa saa inarudishwa nyuma na upepo kwa msukumo sawa na uzito wa kilo 16. Kwenye 100 unakuwa kilo 25. Ukijumlisha na matairi yanayojikunja barabarani, pikipiki inahitaji farasi 6 kwenye gurudumu ili ikae 80, lakini inahitaji karibu 11 ili ikae 100. Kilomita 20 za mwisho zinaugharimu mfuko karibu sawa na 80 zote za mwanzo. Na farasi 10 wa kwenye karatasi hawafiki wote chini. Mwinuko wa Arusha unachukua wengine, cheni na giaboksi vinachukua wengine, wanabaki 8 hivi. Kwa hao 8, pikipiki inagota karibu na 90 kwenye tambarare isiyo na upepo. Spidomita inaweza kuonyesha zaidi. Nyingi hutia chumvi.

IST kwenye 100 inahitaji farasi 16 hivi: nusu na zaidi kwa ajili ya hewa, waliobaki kwa ajili ya matairi, kwa kuwa tani moja inayakandamiza sana. Inao 87. Akiba hiyo ndiyo anayoitumia dereva anapokupita.

Kuna namba mbili zinazoeleza ubishi wote kuliko hizo za farasi. Kwenye pikipiki, upepo unakuwa mzigo mkubwa kuliko matairi kuanzia mwendo wa 40 hivi. Kwenye IST, ni mpaka karibu 70. Maana yake, bodaboda anayetoka Tengeru kwenda mjini kwa 60 tayari anaishi kwenye vita ya hewa, wakati gari lililo pembeni yake kwa mwendo uleule bado linahangaika zaidi na uzito wake lenyewe.

Ndiyo maana kulala juu ya tanki kunasaidia kweli. Dereva akiinama, viwiko ndani, kidevu karibu na spidomita, ile 0.60 inaweza kushuka hadi 0.45, na pikipiki ileile, mafuta yaleyale, inapata kilomita 8 za ziada kwa saa. Hakuna fundi atakayekuuzia kilomita 8 kwa bei ya kuinama. Tatizo ni kwamba ukilala huoni vizuri, na mguu uko mbali na breki ya nyuma, kwa hiyo ni faida ya kwenye hesabu kuliko ya barabarani.

Fundi na sproketi

Hapa kuna kosa linalogharimu watu fedha. Dereva anataka mbio, fundi anamtolea sproketi ya mbele yenye meno 14 na kumfungia ya meno 15, au anapunguza meno ya nyuma. Kwa hesabu ya meno, kila mzunguko wa injini sasa unasukuma gurudumu asilimia 7 zaidi, kwa hiyo 90 inatakiwa kuwa 96. Haiwi. Kasi ya juu ilikuwa imefungwa na hewa, na meno hayaongezi farasi hata mmoja. Kilichobadilika ni kwamba msukumo wa gurudumu umepungua asilimia 7 kwenye kila gia. Gia ya mwisho inakuwa nzito, injini inashuka chini ya mzunguko wake wa nguvu, na mara nyingi pikipiki inakimbia zaidi ikiwa gia moja chini. Ukipanda nayo Kibosho au Machame na abiria, utatumia gia ya kwanza mahali ulipokuwa unatumia ya pili, na klachi italipa.

Meno 15 yana kazi kwa mtu anayetembea peke yake tambarare kwa mwendo wa 60 na anataka injini ipige kelele kidogo. Kwa mbio, hapana. Cheni iliyokaa sawa, yenye mchezo wa sentimita 2 hadi 3 katikati na mafuta ya kutosha, pamoja na upepo sahihi kwenye matairi, itakurudishia zaidi.

Tukiwa kwenye vitu vinavyofungwa bila faida: ile spoila ya plastiki inayogundishwa nyuma ya IST haikandamizi gari chini kwa mwendo wa 80 kiasi cha kuhisiwa na dereva. Ni pambo. Pambo si dhambi, ila lisiitwe teknolojia.

Hewa nyepesi ya Arusha

Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na uwanja wa KIA uko mita 890 hivi. Hewa ya Arusha ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa asilimia 13 hivi. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa ya ziada, inapumua hewa hiyo, kwa hiyo nguvu nayo inapungua kwa kiasi kama hicho. Kwenye kabureta kuna tatizo la nyongeza: petroli inabaki ileile huku hewa ikipungua, mchanganyiko unakuwa mzito, plagi inatoka nyeusi yenye masizi. Pikipiki iliyosetiwa Dar ikifika huku inahitaji kurekebishwa kabureta, na si kwamba "imechoka safari".

Lakini hewa ileile nyepesi ndiyo unayoisukuma. Nguvu imepungua asilimia 13, na kizuizi kimepungua asilimia 13. Kasi ya juu ya tambarare kwa hiyo haibadiliki sana. Injini yenye tabo inafaidi zaidi, kwa kuwa nguvu yake haipungui sana huku kizuizi kikipungua. Ndicho kilichotokea Mexico City mwaka 2016: Valtteri Bottas alipimwa akienda 372.5 km/h katika mbio za Formula 1, kwenye mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, ambako hewa haikabi.

Mlima hauna huruma hiyo. Uzito haupungui kwa sababu hewa imepungua. Kutoka KIA hadi Arusha mjini unapanda mita 500 hivi ndani ya kilomita zisizofika 50, kwa mteremko mpole ambao jicho haliuoni. IST iliyojaa watu, kilo 1,350, inachoma kama lita 0.8 ya ziada kwa kupandisha uzito huo tu. Pikipiki yenye dereva peke yake inachoma kama lita 0.12. Anayelalamika kwamba gari lake "linakula" likienda Arusha na halili likirudi Moshi, gari lake ni zima.

Kwa nini basi pikipiki inachomoka?

Gawanya farasi kwa uzito. Pikipiki na dereva: farasi 10.5 kwa kilo 190, sawa na farasi 55 kwa tani. IST na dereva: farasi 80 kwa tani. Kwa hesabu hii hata kwenye mataa IST ingepaswa kushinda, na ikikanyagwa hadi chini kwa kawaida inaikamata pikipiki kabla ya 50. Haikanyagwi. Dereva wa IST anaondoka kwa robo ya nguvu ya injini yake, giaboksi ya otomatiki inachelewa kuamka, na mbele kuna gari la Noah. Dereva wa pikipiki ameshapenya hadi mstari wa mbele, gia ya kwanza ni fupi, na anavuta mafuta yote. Mita 15 za mwanzo ni zake. Baada ya hapo ni foleni inayomlinda.

Mambo yanageuka ukitoka kwenye pikipiki za kazi. Pikipiki ya cc 1000 ya mbio ina farasi 200 kwa kilo 200 hivi. Pamoja na dereva ni farasi 700 kwa tani, na ina ganda la plastiki linaloiongoza hewa. Inafika 100 kwa sekunde 3, na kinachoizuia ni gurudumu la mbele kutaka kunyanyuka. Mwaka 2023 pale Mugello, Italia, Brad Binder alipimwa 366.1 km/h katika mbio za pikipiki za MotoGP, karibu sawa na gari la Formula 1. Na bado kwenye uwanja wa Austin, Texas, gari la F1 linamaliza mzunguko ndani ya dakika 1 na sekunde 30 na kidogo, pikipiki inahitaji kama dakika 2. Tofauti yote iko kwenye kona na breki: gari lina matairi manne mapana na mabawa yanayotumia hewa kulikandamiza chini, pikipiki inalala kwenye vipande viwili vya mpira.

Mzigo mpana, basi na breki

Kwa bodaboda, swali la upana lina pesa ndani yake. Mfuko wa sukari wa kilo 50 uliolazwa chini nyuma ya dereva unaishusha kasi ya juu ya tambarare kutoka 90 hadi 89, basi. Mikungu ya ndizi iliyofungwa kukingama, ikitokeza sentimita 40 kila upande, inaongeza mzigo wa hewa kwa nusu nzima na kuishusha hadi 78 hivi, na mafuta yanafuata. Mizigo ifungwe kwa urefu wa pikipiki kadiri inavyowezekana, ndani ya kivuli cha mabega ya dereva. Kwa sababu hiyo hiyo abiria wa mishkaki, wale wanaopakiwa zaidi ya mmoja, hawaongezi sana upepo, wamejificha. Wanaongeza uzito, na uzito unalipwa mlimani na kwenye breki.

Halafu kuna basi. Kati ya Boma Ng'ombe na KIA ni uwanda wazi, na basi la mita 12 linalokuja mbele yako kwa 80 huku wewe ukiwa 70 linakupita ndani ya kama theluthi moja ya sekunde. Pua yake inakusukuma kushoto, kisha ubavu wake unakuvuta kulia. Ni kofi, linaisha. La hatari ni basi linalokupita kwa nyuma: likiwa 80 na wewe 60, ubavu wake unakaa nawe sekunde 2 nzima, na muda wote huo unavutwa kuelekea kwake. Bana tanki kwa magoti, legeza viwiko, usikaze mikono; mkono uliokakamaa unaugeuza mtikisiko wa mwili kuwa mtikisiko wa usukani. Gari la tani moja linahisi hilo hilo kama mguso mdogo.

Breki. Imani kwamba breki ya mbele itakupindua imewafanya madereva wengi watumie ya nyuma peke yake. Ukifunga breki, uzito unahamia mbele. Kwa pikipiki fupi kama hizi, breki kali inaliacha gurudumu la nyuma na moja ya tano ya uzito wote. Tairi lisilokandamizwa halishiki, linaburuza. Kutoka 60, breki ya nyuma peke yake inahitaji mita 40 hivi. Zote mbili pamoja, mita 22. IST yenye matairi mazuri na ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, 18. Kila moja inaongezwa mita 17 za sekunde moja ya kushtuka. Ya mbele inavutwa kwa hatua mbili: kwanza kidogo mpaka shokapu zishuke na tairi likandamizwe, ndipo unakaza. Kinachoangusha ni kuikwapua ghafla, au kuikaza ukiwa umekata kona, au juu ya vumbi na matope. Breki ya ngoma ya mbele inahitaji kamba yake ikazwe kila inapolegea, vinginevyo mkono unagusa usukani kabla haijashika.

Wapo wanaokimbia upepo kwa kujificha nyuma ya Fuso. Hesabu ya hewa inawaunga mkono: ukiwa mita 5 nyuma yake umo ndani ya lile shimo la hewa hafifu, na injini inapumua. Lakini kwa 70, mita 5 ni robo ya sekunde. Nafasi ya sekunde 2 kwa mwendo huo ni karibu mita 40, na kwa umbali huo kinga imeshaisha. Kilichobaki ni hewa iliyovurugwa na vumbi la tairi za nyuma.